Aliyeshuka Tura

Kila mwaka, karanga zikishakauka na mpunga ukishaingia ghalani, Levina Anselm husimama mbele ya wanawake wa Ntalikwa, kijiji cha nje ya mji wa Tabora, na kuwaeleza jinsi alivyomwacha mtoto wake mchanga kwenye benchi la stesheni ya Tura. Wanawake hulia. Wakishalia, hutoa. Ndivyo Kapu linavyojaa, na likijaa kuna binti mahali fulani anayehama kutoka baraza za watu na kulala kitandani, kuna mjane anayeezekewa nyumba, kuna msichana anayerudi darasani baada ya kuzaa. Kwa hiyo ukimwona Levina amesimama pale usidhani anapenda. Anasimama kwa sababu asiposimama hajui ni nani atakayebaki barazani.

Kapu lenyewe ni kapu kweli, la ukindu, pana kiasi cha kumlaza mtoto ndani yake. Siku ya kutoa huwekwa katikati ya uwanja, nyuma ya nyumba ya Mama Bernadeta, na hakuna ruhusa ya kumtuma mtu. Kila mwanamke huja mwenyewe akicheza, zawadi yake kichwani: debe la mpunga, chupa ya asali, doti ya khanga, kikapu cha michembe ya viazi vilivyokaushwa, kuku aliyefungwa miguu. Noti hawazitaki kapuni. Wanasema noti haina sura, huwezi kujua imetoka kwa nani, na mwanamke wa Ntalikwa akitoa anataka ijulikane ametoa. Wapo Wakatoliki, wapo Wamoravian, wapo na Waislamu wa mjini ambao kiongozi wao ni Mwanahawa, fundi wa kofia za kushona kwa mkono, mwenye ulimi mkali na mkono mwepesi wa kutoa. Wengi wao hawana kitu. Mtu anaweza kutoa debe la mpunga siku hiyo, na wiki ya pili yake ukamkuta anazunguka kukopa unga. Hao ndio watu ninaowasema, na sitamruhusu mtu awacheke isipokuwa mimi.

Mwenyekiti wao ni Mama Bernadeta, mjane, mkulima wa mpunga, mwenye sauti ya kuita ng'ombe aliye ng'ambo ya bonde. Huyu mama hajawahi kushiba usiku ambao mtoto wa jirani amelala njaa. Mtu akikuambia Bernadeta ni mbaya, usimsikilize. Shida ya Levina ingekuwa rahisi sana kama Bernadeta angekuwa mbaya.

Levina alizaliwa Usinge, pembeni ya msitu, katika nyumba iliyonuka tumbaku mwaka mzima. Mama yake alikufa mapema. Baba yake, Anselm, alikuwa mtu wa maneno machache. Msimu mmoja alikuja kijana na lori la kubeba tumbaku, mcheshi, mwenye redio. Msimu uliofuata lori lilikuja na dereva mwingine, na Levina alikuwa na tumbo. Anselm hakumpiga. Alimwekea nguo zake mlangoni, akachukua jembe, akaenda shambani. Levina alijifungulia kwa jirani mwenye huruma, na mtoto alipoanza kukaza shingo alimfunga mgongoni, akapanda treni kwenda Tura kwa mama yake mkubwa. Mume wa mama mkubwa akasema nyumba imejaa. Mama mkubwa alimfungia viazi vya kuchemsha kwenye kitambaa, akalia, akafunga mlango.

Pale stesheni muuza chai alimwambia, bila ubaya wowote, kwamba Dodoma kazi za ndani zipo, ila hakuna anayemchukua msichana mwenye mtoto. Basi treni ya kwenda huko ilipokuwa inakaribia, Levina alimnyonyesha mwanawe mpaka akalala, akamviringisha khanga, akamlaza kwenye benchi lililo karibu na mlango, mahali wapitapo watu wengi. Akapanda behewa.

Kuanzia hapo hadithi ni mbili.

Hadithi inayosemwa kila mwaka ni kwamba Mama Bernadeta, aliyekuwa Tura kwenye msiba na sasa anasubiri treni ya kurudi Tabora, alimwona msichana amesimama kwenye mlango wa behewa, kifua cha gauni kimelowa maziwa. Akaelewa papo hapo. Treni ikiwa imeshaanza kutembea, akakimbia, akamshika mkono, akamshusha. Akamrudisha kwenye benchi. Akamwambia, huyu ni wako, na wewe ni wangu.

Hadithi ya kweli ni fupi zaidi. Levina alisimama mlangoni, akahisi maziwa yanamtoka, akashuka. Hakuna aliyemgusa. Treni ilikuwa haijapiga hata honi. Alikimbia mpaka kwenye benchi, akamnyanyua mtoto, akamtia titi mdomoni ingawa alikuwa bado amelala, na hapo, akiwa amekaa analia peke yake, ndipo Mama Bernadeta alipomkuta. Ya kwamba alimchukua, akampeleka Tabora, akampa chumba, akamweka kwa fundi ajifunze kushona, hayo yote ni kweli tupu. Mkono tu ndio haukuwapo.

Ulitoka wapi basi? Ulitoka kwenye upendo, na vitu vinavyotoka huko ni vigumu kuvirudisha. Mwaka wa kwanza Levina alipoitwa mbele alilia akashindwa kusema, Bernadeta akamsemea. Na Bernadeta akisema jambo huwa halisemi, huliishi. Moto ulipomshika, mkono ukanyooka wenyewe, ukamshusha msichana kwenye treni mbele ya macho ya watu wote. Uwanja mzima ukashusha pumzi. Levina alikuwa amekaa pale na mtoto mapajani, amevaa gauni alilopewa, ameshiba chakula alichopewa. Wewe ungemsahihisha? Mtoto wa Kinyamwezi aliyelelewa akalelewa hamkatizi mama mtu mzima mbele za watu kwa neno moja dogo. Mwaka uliofuata alisimulia mwenyewe, na alipofika hapo mkono ulikuwa unamsubiri. Akaupokea.

Na kadiri miaka ilivyokwenda, hadithi ikaacha kuwa yake. Wanawake hawa wamekulia kwenye nyimbo za kulima, na mtu aliyekulia huko hawezi kumwacha mwimbishaji peke yake, lazima aitikie. Kwanza waliitikia ili kumtia moyo anapokwama. Ukamweka wapi, mwanangu? Kwenye benchi. Benchi la wapi? La Tura. Baadaye hata asipokwama walimuuliza, na baadaye wakawa wanajijibu wenyewe. Njia ya kale ya misafara, ile iliyopita hapa Tabora, watu wetu waliipita wakiwa na mizigo ya wenzao vichwani, tunasifiwa kwa hilo mpaka leo. Levina naye alitwishwa mzigo uliofungwa na wengine, na hakuna aliyemwonyesha pa kuutua.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinamnusuru. Binti yake, Shukrani, hakujua. Siku ya Kapu kila mwaka alipelekwa mjini kukaa na wajukuu wa Mwanahawa. Usishangae kwamba hakuna aliyemwambia. Tabora ni mji wa minong'ono, lakini minong'ono nayo ina adabu yake, na mtoto hanong'onezwi habari ya mama yake. Alijua kwamba baba hayupo na kwamba Bibi Bernadeta ndiye bibi. Hayo yalimtosha. Sasa alikuwa darasa la tano, mrefu, mwenye sauti inayopanda juu bila kukwaruza, na hapo ndipo mtego ulipofyatuka. Mama Bernadeta alikuwa ameunda kwaya ya watoto ya kufungulia Kapu, na mwimbishaji aliyemchagua ni mjukuu wake, Shukrani.

Levina alikwenda kwa Bernadeta siku hiyohiyo. Alimkuta anapepeta mpunga, akaamkia, akapiga magoti amsaidie, na baada ya mazungumzo ya hali ya hewa na panya wa ghalani akasema lililomleta. Akaomba mwaka huu apumzishwe.

Bernadeta aliweka ungo chini. Alimtazama kwa huruma ya kweli, na hiyo huruma ndiyo iliyomfunga Levina.

"Mtoto amekua, ndiyo. Ninakuelewa, mwanangu," alisema. "Basi pumzika. Atasema Dafrosa. Jambo lake bado ni bichi, litawagusa."

Dafrosa ndiye binti wa mwaka huu, ambaye Kapu lilikuwa lijazwe kwa ajili yake. Alikuwa ameletwa kutoka kijiji cha mbali akiwa na mimba kubwa, mwenyewe bado mtoto, akawekwa nyumbani kwa Levina ajifunze cherehani. Alikuwa hasemi. Levina alikuwa ameanza kumzoesha kidogokidogo, kwa vifungo na pindo, bila kumuuliza kitu.

Levina akajaribu mlango mwingine. Akamkumbusha Bernadeta ile siku ya Tura. Akasema kwa upole, akipepeta bila kuinua macho, kwamba mayo, yaani mama, alipofika yeye alikuwa ameshakaa kwenye benchi, mtoto akiwa mikononi.

Bernadeta akacheka kidogo. "Ulikuwa na kiwewe, mwanangu, utakumbuka nini? Mimi ndiye niliyekukumbukia." Akanyoosha mkono wake wa kulia, wenye sugu za jembe. "Mkono huu mpaka leo unaukumbuka uzito wako."

Hakuwa anadanganya. Hilo ndilo lililomkata Levina maini. Mama yule alikuwa ameusimulia mkono mpaka mkono ukatokea, na sasa duniani pote alibaki mtu mmoja anayejua kwamba Levina alishuka mwenyewe, na huyo mtu ni Levina.

Alirudi nyumbani jioni, akiwa amepitia sokoni, akijipa moyo kwamba Dafrosa angalau si mwanawe. Wazo baya, lakini mtu aliyebanwa huwaza hata mabaya. Alipoingia alimkuta binti amesimama mbele ya cherehani, mikono kifuani, midomo inacheza. Mama Bernadeta alikuwa ameshapita pale akamwambia ajiandae. Dafrosa aligeuka, na kwa mara ya kwanza tangu aletwe akauliza swali.

"Dada, kulia nilie mahali gani?"

Levina alimketisha. Akamwambia halii popote, hasemi popote, atakaa chini ya turubai ale pilau kama watu wengine. Kesho yake akapeleka ujumbe kwa Bernadeta kwamba atasema yeye.

Lakini akaapa jambo moyoni. Kama Shukrani lazima asikie, atasikia yote. Atasikia benchi, na atasikia pia kwamba mama yake alishuka kwa miguu yake. Mkono atauacha. Ataupita kimyakimya, bila kumtaja mtu, bila kumwaibisha mtu, na mwanawe atajua alipendwa na mama yake kabla hajapendwa na mtu mwingine yeyote. Ndicho kitu pekee alichokuwa anakitaka katika dunia hii, na ukikipima si kikubwa.

Bora zaidi ingekuwa kumwambia kabla, wawili tu. Asubuhi ya siku ya Kapu alimketisha Shukrani kati ya magoti yake amsuke, akaanza kusema kwamba kuna habari ya zamani. Mtoto alikuwa anapiga vidole, anaimba wimbo wake kwa sauti ya chini, na kila alipofika juu aliinua kichwa, na mama yake ikabidi akirudishe chini. Aliuliza kama sauti yake haitatetemeka mbele ya watu. Alisema Bibi Bernadeta amemwambia leo ndiyo siku nzuri kuliko zote za Ntalikwa. Levina alisuka mpaka mwisho, akafunga, akapaka mafuta. Habari ya zamani haikusemwa.

Uwanja ulijaa mapema. Turubai zilikuwa zimefungwa, spika imeazimwa kanisani, na Mwanahawa na wenzake walikuwa wameshaanza kuwatania Wakatoliki kwamba kuku wao mwaka huu wamekonda kwa Kwaresima. Kapu lilikuwa katikati, tupu. Watoto waliimba, na Shukrani alipanda juu bila kukwaruza, wanawake wakatikisa vichwa kwa raha. Kisha kwaya ikaketishwa mkekani, mbele kabisa, na Levina akapewa kipaza sauti.

Alianza na Usinge. Akasema tumbaku, akasema lori, akasema nguo mlangoni. Hakumtazama mtoto. Alimtaja mama mkubwa na viazi vyake. Alipofika stesheni, akasita.

"Ukamweka wapi, mwanangu?" mmoja akauliza kwa upole.

Hapo ndipo alipomtazama. Shukrani alikuwa amekunja miguu, mdomo wazi kidogo, anasikiliza habari za mtoto fulani. Bado hakuwa amejua mtoto huyo ni nani.

"Kwenye benchi," Levina alisema.

"Benchi la wapi?"

"La Tura!" uwanja ukajijibu, na wanawake wa nyuma wakaanza kufuta macho. Levina aliona uso wa mwanawe unabadilika taratibu. Mtoto alimtazama mama yake, akawatazama wanawake, akarudi kwa mama. Ameelewa. Sasa Levina alikuwa na sentensi mbili tu za kuvuka, na alizivuka haraka ili afike upande wa pili.

"Nikapanda behewa. Nikasimama mlangoni, maziwa yananitoka. Halafu..."

"Nani akakushika mkono?" uwanja ukauliza.

Alisema. Mimi nakuapia alisema, "Nilishuka mwenyewe," na kipaza sauti kilikuwa mdomoni. Lakini jibu la uwanja lilikuwa limeshatoka, vifua vyote kwa pamoja, jina la Mama Bernadeta, na vigelegele juu yake, na ngoma, na Mama Bernadeta mwenyewe ameshasimama, mkono wake wa kulia juu, machozi yanamtiririka. Alimfikia Levina akamkumbatia. Levina akarudia sikioni mwake, mayo, nilishuka mwenyewe.

"Ulishuka, mwanangu," Bernadeta alisema huku akimpapasa mgongo. "Ulishuka. Wabeja, asante."

Wanawake walikuwa wameshaanza kucheza kuelekea kapuni. Mpunga ulimiminwa, asali ikawekwa, Mwanahawa akatoa kofia alizoshona msimu mzima na kulia kama mtoto. Halijawahi kujaa namna ile. Kitanda cha Dafrosa kilipatikana, na cherehani, na vya mtoto atakayezaliwa, na vikabaki vya binti mwingine ambaye bado hajulikani. Dafrosa alikaa chini ya turubai, anakula pilau, hakuna aliyemwambia alie. Watoto waliinuliwa waimbe tena. Shukrani aliimbisha. Hakukosea hata neno, ila safari hii hakupanda juu.

Walirudi nyumbani kwa njia ya mashamba, Dafrosa akiwa amebaki kusaidia vyombo. Mtoto alitembea mbele, amebeba viatu mkononi. Walipopita majaruba ya mpunga yaliyovunwa alisimama kumngoja mama yake.

"Mama, nililia?"

Miaka yote hiyo, machozi yote yale, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza hivyo. Levina akamwambia hakulia. Akamwambia alikuwa amelala, ameshiba, khanga imemfunika mpaka masikioni, na kwamba aliporudi alimkuta vilevile. Akapiga magoti vumbini, akamshika mabega.

"Nisikilize, Shukrani. Hakuna mtu aliyenivuta. Nilishuka mwenyewe. Treni haijaondoka, nikashuka, nikakimbia kwako."

Shukrani alimtazama. Alikuwa mtoto mwenye adabu, alilelewa vizuri na wanawake wengi.

"Sawa, mama," alisema.

Alisema kwa ile sauti yake ya kumwambia Mwanahawa kwamba chai imekolea sukari, hata isipokolea. Kisha akamsaidia mama yake kuinuka, akampangusa vumbi kwenye magoti, akaushika mkono wake, jambo ambalo alikuwa ameacha kulifanya tangu awe mkubwa. Walitembea mpaka mapaa ya nyumba za kwao yakaanza kuonekana.

"Mama," akasema, bila kumtazama. "Na kama Bibi Bernadeta angechelewa?"